Jambia la Kasongo: Mwenyewe Alikuwa Nani?

Wasomaji wetu wa Kasongo na Kabambare wana desturi ya kutuuliza habari za kale, nasi hujibu kadiri tuwezavyo. Swali la safari hii linatoka kwenye jambia. Majambia ya Kiarabu yaliyochukuliwa Maniema wakati wa vita vya 1892 mpaka 1894 yapo hata leo huko Ulaya, mengine katika nyumba za makumbusho, mengine katika masanduku ya wajukuu wa maofisa. Mara kwa mara moja hutolewa sandukuni na kuuzwa, na mnunuzi huanza kuuliza: lilikuwa la nani? Muuzaji apendaye bei nzuri hujibu upesi kwamba lilikuwa la Tippu Tip. Na kama mnunuzi ana mashaka kidogo, basi lilikuwa la Sefu mwanawe.

Sisi twaomba kwenda polepole.

Tuanze na hayo majina makubwa, maana ndiyo rahisi kuyapima. Hamed bin Muhammad el Murjebi, ndiye Tippu Tip, aliondoka Maniema mwaka 1890 akarudi Unguja, akafia huko mwaka 1905. Vita vilipowaka yeye alikuwa pwani. Jambia lililovuliwa kiunoni mwa mtu aliyeuawa Kasongo mwaka 1893 halikuvuliwa kiunoni mwake. Mwinyi Mohara wa Nyangwe aliuawa Januari 1893, kabla mji wa Kasongo haujaanguka. Sefu bin Hamed alikuwapo Kasongo, lakini mji ulipotekwa tarehe 22 Aprili 1893 yeye alikimbia, akaendelea kupigana mpaka akafa mwishoni mwa mwaka ule. Huenda vitu vya nyumbani mwake viliachwa. Lakini mji ule ulikuwa mkubwa, wenye wafanyabiashara, manahodha wa misafara, makarani, mafundi, na waungwana wa kila namna. Kwa nini kila jambia liwe la mwana wa mkubwa? Wenye majambia walikuwa wengi, na wengi wao hawakuandikwa katika kitabu chochote.

Sasa tulitazame jambia lenyewe. Jambia la Kiomani lina bamba pana lililopinda, lenye makali pande zote mbili na mgongo katikati. Mpini huwa wa pembe ya kifaru, wa pembe ya ndovu au wa mti, umezungushiwa nyuzi za fedha. Ala yake imepinda sana, hata ncha yake karibu inatazama juu, na mahali inapofungwa kwenye mshipi pana pete, mara nyingi saba. Aina moja huitwa Saidi, kwa jina la ukoo wa masultani. Fedha ya kazi hii mara nyingi ilipatikana kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, zile zilizotumika katika biashara ya pwani yote. Tusichanganye jambia na upanga wa feleji, ambao ni mrefu na umenyoka, wala na kitara, ambacho ni upanga uliopinda. Wazungu waliandika jina moja tu kwa vitu hivi vyote, na kosa hilo peke yake limepoteza watafutaji wengi njia.

Mtu aliyevaa jambia lenye fedha hakulivaa kwa kupigana tu. Lilikuwa kama cheo chake. Lilisema: mimi ni muungwana, nina mali, usinifanyie mchezo. Ndiyo maana Wamanyema waliopanda cheo katika misafara nao waliyavaa. Mtu akisema, "Hili ni jambia la Kiarabu, basi mwenyewe alikuwa Mwarabu," amekosea tangu mwanzo. Pengine mwenyewe alizaliwa kijijini karibu na Lualaba, akapewa jina la Kiislamu, akanunua jambia lililotoka Unguja, na mama yake hakujua neno moja la Kiarabu.

Silaha za majeshi ya Ulaya ni rahisi zaidi kuzifuata. Chukueni singe ya Kijerumani ya vita vya 1914 mpaka 1918, vita ambavyo vijana wa Kongo walifika mpaka Tabora, iliyotekwa Septemba 1916. Singe nyingi za namna hiyo zimepigwa chapa ya kikosi, ya kompania, na namba ya silaha. Upanga wa ofisa mara nyingine umechorwa jina lake. Mwenye subira aweza kutoka kwenye namba mpaka kwenye kikosi, na pengine mpaka kwa mtu. Jambia halina namba. Likiwa na maandishi ya Kiarabu, yapelekwe kwa mwalimu ajuaye kuyasoma, naye atazame kama ni jina la fundi, ni dua, au ni jina la mwenyewe. Kasongo haijakosa watu wa kusoma maandishi hayo. Lakini majambia mengi hayana neno lolote.

Basi watu hushika kile kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi: jina la luteni fulani, Kasongo, na mwaka. Hapa ndipo twataka kusimama kidogo. Karatasi ile yaeleza nani alilichukua jambia. Haielezi nani alinyang'anywa. Na hata huyo luteni, mara nyingi siye aliyelichukua kwanza. Jeshi la Dhanis, yule aliyeitwa Fimbo Mingi, lilikuwa na maofisa wachache tu wa Kizungu. Walikuwapo askari wa Dola Huru la Kongo, na zaidi ya hao walikuwapo watu wa Gongo Lutete kwa maelfu. Hao ndio waliovamia nyumba, na hao ndio waliokuwa wa kwanza kuinama juu ya maiti. Jambia lilipofika mikononi mwa Mzungu lilikuwa limekwisha pita mikono mingine miwili au mitatu, kwa kuuzwa, kwa kubadilishwa na nguo, au kwa zawadi. Tena Gongo Lutete mwenyewe alikuwa mtu wa Tippu Tip na Sefu mpaka mwaka 1892, ndipo akageuka akaenda upande wa Dola. Watu wake waliingia Kasongo wakiwa wamevaa kama wale waliowapiga. Nani basi ataapa kwamba jambia fulani lilikuwa la aliyeshindwa, wala si la mshindi?

Na jina la Kasongo juu ya karatasi lenyewe ladanganya. Baada ya kutekwa, mji ulifanywa makao ya jeshi. Vitu vilivyotekwa katika maboma ya Rumaliza viliweza kuletwa hapo kwanza, kisha vikaandikwa Kasongo. Kadhalika zipo silaha zilizotolewa kwa urafiki kabla ya vita. Mwaka 1887 Mfalme Leopold alimfanya Tippu Tip kuwa wali wa Stanley Falls, na kwa miaka kadhaa Wazungu na Waarabu waliketi baraza moja na kupeana tunu. Jambia lenye mwaka 1889 si sawa na jambia lenye mwaka 1893. La kwanza huenda lilitolewa kwa mkono wa kuume na kicheko.

Twajua silaha moja ya Kasongo ambayo mwenyewe alitambuliwa mara moja. Si jambia, ni bunduki. Luteni Lippens alikaa Kasongo kama mjumbe wa Dola, pamoja na sajini De Bruyne, mzaliwa wa Blankenberge. Vita vilipoanza wakawa kama mateka wa Sefu. Mwezi wa Novemba 1892 Sefu alimpeleka De Bruyne kwenye mto Lomami ili aseme na Wazungu waliokuwa ng'ambo ya pili. Wenzake walimwuliza kama aweza kuogelea, wapate kumwokoa. Alikataa, maana Lippens alikuwa mgonjwa Kasongo, naye hakutaka kumwacha peke yake. Akarudi. Mwezi wa Desemba wote wawili wakauawa kwa visu mle nyumbani mwao Kasongo, wakakatwa mikono na miguu, ikapelekwa kwa Sefu iwe ushahidi.

Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Dhanis na aliyetoa kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1897, anamtaja mkubwa wa wauaji kwa jina la Kabwarri. Anasema mtu huyo aliuawa vitani mwezi wa Februari 1893, na mkononi alikuwa na bunduki ya Lippens. Tazameni basi: miezi isiyozidi mitatu ilikuwa imepita, bunduki ilijulikana, na walikuwako watu waliomjua mwenye bunduki na waliomjua aliyeishika. Ndiyo maana jina lilipatikana. Kasongo ilipotekwa, maiti ya Lippens na De Bruyne zilitafutwa zikazikwa kwa heshima, na mwaka 1900 wakasimamishiwa sanamu Blankenberge. Lakini bunduki ile ilipochukuliwa mkononi mwa Kabwarri, je, kisu chake kilikwenda wapi? Hakuna aliyeandika. Katika jumba la makumbusho la Tervuren upo ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Silaha za upande wa pili zilihifadhiwa, majina ya wenye silaha yakapotea.

Kabambare ina mashaka zaidi. Majeshi ya Dola yaliiteka Januari 1894, baada ya Rumaliza kushindwa, na ukoo wa Tippu Tip ukasalimu amri. Mtu angedhani habari imekwisha. Lakini Gongo Lutete alikuwa amekwisha uawa na Wazungu wenyewe, huko Ngandu, Septemba 1893, kwa shtaka la uhaini. Askari wake wa zamani hawakusahau. Waliasi Luluabourg Julai 1895, na wengine wakaasi mwaka 1897 katika safari ya kwenda mto Nili, wakashuka kusini wakipigana, na Novemba 1898 wakaiteka Kabambare. Jambia lililoandikwa Kabambare 1898 limetoka katika vita hivyo vya pili. Aliyelivaa siku ile huenda alikuwa askari Mtetela aliyelichukua kwa Mwungwana miaka mitano nyuma, akalivaa akiwatumikia Wazungu, akalivaa tena akiwapiga. Mwenye kwanza ni yupi? Sisi twaona kwamba neno lenyewe "mwenye kwanza" linafaa kwa singe yenye namba kuliko kwa jambia la Maniema.

Tena yafaa tuseme wazi jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Fedha ya mpini ule ilinunuliwa kwa pembe za ndovu, na pembe zilibebwa na watu waliofungwa minyororo. Livingstone, aliyekaa miezi mingi Kabambare kwa vidonda vya miguu, aliona kwa macho yake mauaji ya watu sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871. Mzee wa Kibangubangu akionyeshwa jambia, asidhaniwe hana adabu kama hataki kulishika. Kwa ukoo mmoja ni kumbukumbu ya babu. Kwa ukoo wa jirani ni kumbukumbu ya siku waliyokimbilia msituni. Na siku hizi koo hizo mbili zimeoana, hata mara nyingine habari zote mbili hukaa chini ya paa moja.

Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu kama 84,000 vilivyomo Tervuren, na tarehe 3 Julai 2022 ikawekwa sheria ya kuwezesha kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Ni jambo jema. Lakini sheria ile yahusu vitu vilivyo mikononi mwa serikali. Jambia lililo sandukuni mwa mjukuu wa ofisa haliguswi nayo, na huyo mjukuu hakuna amwamuruye ila dhamiri yake.

Kama mmoja wao akituandikia, tungemwomba mambo machache. Asilisugue jambia ling'ae, maana uchafu ulio kwenye mishono ya ala na jasho lililo kwenye mshipi ni sehemu ya habari. Asikate uzi wa karatasi ya zamani, hata kama karatasi yadanganya. Apige picha pande zote mbili, na ndani ya mshipi pia, na maandishi kama yapo. Aandike ofisa alikuwa kituo gani, tangu mwezi gani mpaka mwezi gani, maana kwa miezi hiyo twaweza kujua alipigana vita gani na hakupigana vipi.

Na zaidi ya yote, picha ikifika huku, wazee wa Kasongo waonyeshwe bila kutajiwa jina. Sisi huku tuna adabu kwa mgeni: akija na jina la Tippu Tip mdomoni, atarudi nalo, kwa kuwa hakuna atakayependa kumvunja moyo. Akija na picha tu, akaketi, akanywa chai, akangoja, labda mzee mmoja atauliza kwa nini pete moja ya ala imetengenezwa upya kwa shaba. Hapo ndipo pa kuanza kuandika.