Reli ya Mnyusi na Mifumo Isiyosomana

Wanafunzi wangu wa utawala wa umma hudhani kwamba suala la mifumo ya Serikali "kusomana" limezaliwa na kompyuta. Mimi huanza kuwafundisha kutokea Mnyusi, wilayani Korogwe.

Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905. Kwa zaidi ya nusu karne njia hizo ziliishi katika nchi moja bila kukutana, na behewa la mkonge lililopakiwa Korogwe halikuweza kufika Dar es Salaam. Hata hivyo, zote zilikuwa zimejengwa kwa upana wa mita moja. Ndiyo maana mwaka 1963, kipande cha Mnyusi hadi Ruvu kilipokamilika, mabehewa yalipita bila njia za zamani kubadilishwa upana.

TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina upana wa milimita 1,067. Milimita 67 tu za tofauti, pungufu ya kiganja cha mtu mzima! Kidatu ikabidi pajengwe kituo cha kuhamishia mizigo, behewa hadi behewa.

Handeni na Korogwe leo zina halmashauri nne, mbili za wilaya na mbili za miji. Katika halmashauri zetu mifumo ya mapato, ya hesabu, ya watumishi na ya hospitali iliingia kwa nyakati tofauti, mara nyingi kila mmoja na wizara yake au mfadhili wake. Karani anayesoma tarakimu katika skrini moja na kuzichapa upya katika nyingine, huyo ndiye Kidatu yetu.

Mnyusi yetu ilianza kuonekana mwaka 2017, ulipoanza mfumo wa malipo wa GePG. Mfumo wa taasisi hutuma ankara. GePG hutoa namba ya kumbukumbu. Benki au kampuni ya simu hupokea fedha, na taarifa hurudi kwa taasisi. Benki hailazimiki kuujua mfumo wa kila halmashauri. Inatosha kila upande kuandika ujumbe kwa muundo mmoja uliokubaliwa na kuutia saini ya kidijiti. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao nguvu ya kusimamia viwango, na mfumo wake wa GovESB unabeba taarifa kati ya taasisi na taasisi.

Nauunga mkono mwelekeo huo, lakini si bila wasiwasi. Reli iliukwepa mji wa Handeni, na kipimo kizuri cha mita moja hakikuufaa kitu. Zaidi ya hayo, mifumo ikisomana, kosa nalo hupata usafiri. Mkulima wa Kabuku aliyeandikwa Mohamedi katika kitambulisho cha NIDA na Muhamad katika cheti cha kuzaliwa zamani alisumbuliwa na ofisi moja. Sasa anaweza kukataliwa na zote kwa siku moja, wala asionekane mtu aliyemkataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kuomba kusahihishiwa. Ninyi mlio katika utumishi wa umma, tuambieni: haki hiyo inadaiwa katika dirisha gani pale Handeni?