Kidonge na Mahamri: Dawa za Maumivu na Asili ya Mzio wa Chakula

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, Panadol si jina la dawa moja tena. Mtu wa Ndia Kuu akisimulia kwamba kichwa kilimuuma akameza Panadol, msikilizaji hawezi kujua kama alimeza parasetamoli, aspirini, au kidonge kilichochanganya zote mbili pamoja na kafeini. Barazani, kwenye kahawa chungu, utata huo haumdhuru mtu. Katika utafiti unadhuru.

Makala haya yanaanzia hapo kwa sababu ya dai linalozidi kusikika, kwamba dawa za maumivu, hasa zile wanazopewa watoto wachanga, ndizo zinazozaa mzio wa vyakula. Hoja yangu ni kwamba dai hilo limefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Aspirini na jamaa zake, zikiwemo ibuprofeni na diklofenaki, zina uwezo wa kuufichua na kuuzidisha mzio ambao tayari umo mwilini. Kwamba parasetamoli humtia mzio wa chakula mtoto asiyekuwa nao, hilo halijathibitishwa, na katika mji wa homa kama Mombasa njia iliyotumika kulithibitisha haitoshi.

Homa hutangulia dawa

Dhana yenyewe ina historia. Katika miaka ya 1980 watoto wa Marekani na Uingereza waliachishwa aspirini kwa hofu ya ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo, na nafasi yake ikachukuliwa na parasetamoli. Mwaka 1998 Varner na wenzake wakauliza kama mabadiliko hayo ndiyo yaliyoongeza pumu. Miaka kumi baadaye utafiti wa kimataifa wa ISAAC, ulioongozwa katika kipengele hiki na Richard Beasley, ulichapisha takwimu za watoto zaidi ya 205,000 wa miaka sita na saba kutoka nchi 31. Waliopewa parasetamoli kwa ajili ya homa katika mwaka wa kwanza walionekana kuwa na dalili za pumu zaidi ya wenzao, kwa uwiano wa 1.46. Mafua ya mzio na ukurutu navyo vilifuata mkondo huohuo.

Takwimu hizo zimetajwa mara nyingi kuliko zilivyosomwa. Zinahusu pumu, mafua na ukurutu, hazihusu chakula. Anayezitumia kueleza mzio wa njugu au kamba ameruka mtaro bila kutuonyesha daraja. Zaidi ya hayo, wazazi waliulizwa mambo ya miaka mitano au sita iliyopita, na hakuna mzazi anayempa dawa ya homa mtoto asiye na homa. Huenda basi ni maambukizi yaliyoleta homa, na wala si dawa, yanayomwachia mtoto kifua kibovu. Utafiti wa Butajira, Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuwa bora kwa kuwa uliwafuata watoto tangu mimba, nao ulikuta kwamba kadiri mtoto alivyopewa parasetamoli ndivyo kifua kilivyozidi kukoroma. Hata hivyo, katika umri huo kifua hukoroma zaidi baada ya maambukizi yaleyale yanayoleta homa. Mwaka 2016 watoto 300 wa Marekani wenye pumu hafifu waligawanywa kwa nasibu, hawa wakapewa parasetamoli na wale ibuprofeni kila walipougua au kupata homa, kwa wiki 48. Makundi hayo mawili hayakutofautiana katika kuzidiwa na pumu.

Turudi Mombasa. Kisiwa hiki kilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013, kikapata chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018, na malaria ni mwenyeji wa zamani. Kuna pia homa ndogo ya usiku wa chanjo, ambapo chupa ya dawa ya maji hutolewa kabatini kabla mtoto hajaacha kulia. Mtoto wa Kibokoni aliyemaliza mwaka wa kwanza bila kuonja dawa hiyo tumtafute wapi ili alinganishwe na wenzake? Na tukimpata, kuna uwezekano mkubwa kwamba anatofautiana nao kwa mambo mengine mengi.

Anayetaka kuona ushahidi wa asili ya mzio unavyopaswa kuwa aangalie Entebbe. Huko wajawazito 2,507 walishirikishwa katika jaribio ambalo dawa ya minyoo iligawiwa kwa nasibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa watoto wa waliopewa albendazoli walipata ukurutu zaidi. Pale hapana homa ya kujificha nyuma ya dawa. Kwa parasetamoli na mzio wa chakula, hakuna ushahidi wa namna hiyo.

Ngano, kidonge na utando wa utumbo

Ushahidi wenye uzito uko kwingine, na jikoni petu unaeleweka upesi. Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja amepona chikungunya, lakini magoti hayajamsamehe. Asubuhi anakula mahamri matatu kwa mbaazi za nazi, kama alivyokula tangu utotoni. Siku hiyo anameza aspirini kwa ajili ya goti, kisha anatembea kwa haraka kutoka Ndia Kuu hadi Marikiti. Kabla hajafika viganja vinamwasha, vipele vinamtoka, midomo inavimba, na macho yanaingia kiza. Kesho yake anakula mahamri yaleyale bila kidonge na hakuna kitu. Atalaumu nini? Mahamri hayamo akilini mwake, maana ni chakula cha maisha yake yote. Atalaumu dawa, na jirani atalaumu kijicho.

Waganga wa mzio wanaijua hali hii. Mahamri ni ya unga wa ngano, na ndani ya ngano mna protini iitwayo gliadini, na wapo watu ambao miili yao imetengeneza kingamwili dhidi ya aina yake moja, omega-5, bila wao kujua. Ngano peke yake haiwashindi. Ngano ikifuatwa na mazoezi, au aspirini, huweza kuwaangusha. Mwaka 2005 Matsuo na wenzake, huko Japani, waliipima gliadini katika damu ya wagonjwa wa namna hii na kuona kwamba mazoezi na aspirini vyote viliipandisha, sambamba na dalili za mzio.

Sababu yake inaeleweka. Tangu kazi ya John Vane ya mwaka 1971 tunajua kwamba aspirini huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, na hizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na utumbo. Ulinzi ukipungua, vipande vya protini ambavyo havijasagwa sawasawa hupenya hadi kwenye damu. Ngano si pekee: taarifa ya mwanzo ya mzio unaongoja mazoezi, ya mwaka 1979, ilihusu vyakula vya baharini vya jamii ya kamba na kome. Kwa pwani inayokula kamba na kaa, hiyo si habari ya mbali.

Lakini tuangalie mpangilio wa mambo. Kingamwili za mzee wetu zilikuwapo kabla ya aspirini. Mgeni alikwisha kukaa barazani siku nyingi. Kidonge kilimfungulia mlango tu.

Pingamizi

Pingamizi zito zaidi linatoka maabara. Mwaka 1999 Newberry, Stenson na Lorenz walionyesha kwamba panya waliolishwa protini ya yai huku wakizuiliwa kimeng'enya cha COX-2, kinachotengeneza prostaglandini, walipata uvimbe wa utumbo. Maana yake ni kwamba huenda hata ule uvumilivu wa mwili kwa chakula hutegemea prostaglandini. Silipuuzi. Hata hivyo panya hao walikuwa wamebadilishwa kijenetiki ili seli zao za kinga ziitambue protini hiyohiyo, na mtoto hazaliwi hivyo. Tena parasetamoli ni dhaifu katika kuzuia prostaglandini nje ya ubongo. Kama shaka ni ya haki, basi inaiangukia ibuprofeni, na hapo pingamizi lenyewe linatuambia tuzitenganishe dawa hizi.

Kuna gharama ya kutozitenganisha. Mzazi aliyetishwa na Panadol hataacha homa ya mwanawe iwake. Atatafuta ibuprofeni au aspirini. Katika mji uliokwisha kuonja dengi hilo ni kosa la hatari, kwa sababu dawa hizo huongeza uwezekano wa kutoka damu, na ndiyo maana wenye dengi hushauriwa parasetamoli.

Nathubutu kusema kwamba sehemu ya mkanganyiko huu ni ya dodoso kabla ya kuwa ya dawa. Swali "Je, mtoto alipewa Panadol?" halifai Mombasa. Aulizwe mzazi aonyeshe pakiti au chupa, aeleze dawa ilitolewa kwa ugonjwa gani, na chakula gani kilitangulia au kufuata. Na mtu mzima anayekuja na vipele baada ya mlo asiulizwe alikula nini tu. Aulizwe pia kuhusu goti.