Ngoto na Mwamuzi: Habari ya Mashamba ya Kukodi Uluguru

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tukumbuke jambo lililoutangulia ushirika: ugomvi wa mashamba ya kukodi.

Kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, nao ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mtu wa ukoo mwingine aliyehitaji pa kulima alimwendea mkuu wa ukoo, akapewa shamba, naye akatoa ngoto. Ngoto ilikuwa kitu kidogo. Uzito wake ulikuwa katika maana. Aliyeitoa alikiri kwamba ardhi si yake, na aliyeacha kuitoa alionekana kuwa anaidai. Kwa sababu hiyo mpangaji aliruhusiwa mahindi, lakini si miti. Mahindi huvunwa yakaisha. Mkahawa hubaki, na aliyeupanda hujiona mwenye shamba.

Nani basi aamue? Mkuu wa ukoo aliposhtakiwa na mpangaji wake, alikuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe. Wajerumani waliweka majumbe. Waingereza nao, katika miaka ya 1920, walianzisha utawala wa wenyeji na mabaraza yake. Hata hivyo, mara nyingi aliyewekwa na serikali alikuwa yule yule mkuu wa ukoo, na mpangaji hakuona mabadiliko makubwa.

Baada ya Uhuru, mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963. Mwaka 1965 Bunge lilitunga sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja kule Bukoba, na mwaka 1968 likatunga nyingine juu ya upangaji wa kimila. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaleta Baraza la Ardhi la Kijiji: watu saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, wanaothibitishwa na mkutano wa kijiji. Kazi yao ni kusuluhisha.

Lakini msuluhishi, awe mzee au baraza, huuliza maswali yale yale: nani alitoa shamba, kwa malipo gani, mbele ya nani, na miti ni ya nani? Asipopata jibu, hana la kushika. Basi mwanachama anayekodi shamba, kabla ya kupanda mkarafuu au mdalasini, aandike mapatano na mwenye shamba mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.