Mstari wa Njano na Taa za Buluu

Mwaka 1973 Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya magari ya umma. Biashara iliyokuwa ikikwepa askari ikatoka mchana kweupe, na historia ya mapambo naihesabu tangu hapo. Washindani wakishajaa stejini, lazima abiria akuone wewe kwanza. Rangi zikaja, muziki ukaja, kisha taa.

Sheria za taa nazisoma kama sarufi. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unakataza taa nyekundu kuelekea mbele, na nyeupe kuelekea nyuma isipokuwa gari linaporudi kinyumenyume. Ukiona nyekundu usiku, ujue gari limekupa mgongo. Sasa funga nyekundu kwenye bampa la mbele uone: anayekuja atadhani unaenda, kumbe unamjia! Hapo sina ubishi na sheria.

Ubishi wangu uko kwingine. Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kutumika: vidhibiti mwendo, mikanda, sare za dereva na makanga, na ule mstari wa njano ubavuni. Mikanda iliokoa watu. Lakini pamoja nayo michoro ilifutwa, na mafundi wa karakana wakakosa kazi kwa kosa ambalo halijawahi kugonga mtu.

Mapambo yalirudi na silaha mpya. Taa za LED za buluu zenye mwanga mkali hazikuwepo hadi Shuji Nakamura alipoitengeneza moja Japani katika miaka ya mwanzo ya 1990. Yeye, Akasaki na Amano wakapata Nobel mwaka 2014. Bei iliposhuka, nganya za Nairobi zikawaka dari hadi sakafu. (Sidhani kama Stockholm walizifikiria nganya za Rongai.)

Novemba 2018, Fred Matiang'i akiwa waziri wa usalama, msako wa Michuki ukarudishwa. Ninachotaka ni sheria itofautishe. Buluu inayomweka nje inajifanya ambulensi, na siku moja watu watakosa kuipisha ya kweli. Buluu iliyotulia juu ya viti haimdanganyi yeyote, mradi isiakisi kwenye kioo cha dereva. Lakini barabarani zote huitwa "mataa", na zikishikwa, siku ya makanga ndiyo inayoharibika, mwenye gari yuko kwake.