Asili ya Mashindano ya Beni katika Pwani ya Kenya

Kwa kuwa neno "beni" limetoholewa kutoka Kiingereza, baadhi ya wageni waliiona ngoma hii kuwa ni uigaji mtupu wa gwaride la Wazungu. Historia yaonyesha vingine. Tarumbeta zilipigwa Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 mkabala wa kisiwa cha Mombasa. Katika miaka ya 1890 beni ikashika mizizi katika miji ya Mombasa, Malindi na Lamu. Mombasa palikuwa na vyama hasimu vya Kingi na Skochi.

Lakini uhasama huo haukuletwa na tarumbeta. Kabla yake, Mkomani na Langoni, mitaa miwili ya Lamu, ilikuwa ikishindana kwa ngoma na tungo. Beni ilirithi desturi hiyo: ushindi ulitafutwa kwa karamu, mavazi na nyimbo za mafumbo zilizomlenga mpinzani. Vita vya 1914-1918 vikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi, na serikali za kikoloni zikaanza kuishuku.

Hivyo basi, kilichotoka ugenini ni ala na sare. Lugha ya mapambano ilikuwa Kiswahili. Achunguzaye sare akaacha mafumbo hajaisoma beni.