Gemu za mkononi kutoka ng'ambo: Soma chaja kabla ya kuichomeka

Familia nyingi za Meru na Embu zina jamaa Marekani, Uingereza, Japani au katika nchi za Ghuba, na miongoni mwa zawadi wanazowaletea watoto, hasa Desemba, ni vifaa vya michezo ya video vya kushika mkononi. Kifaa chenyewe aghalabu hakina tatizo. Hatari imo katika chaja yake, kwani huenda haikuundiwa umeme wa nchi hii.

Kenya hutumia umeme wa volti 240, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Uganda hali ni hiyo hiyo, ilhali Tanzania na Uingereza hutumia volti 230, tofauti ambayo chaja haiihisi. Marekani hutumia volti 120 na mizunguko 60. Japani hutumia volti 100 pekee, mizunguko ikiwa 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi.

Wengi hudhani kwamba chaja ya volti 120 ikichomekwa kwenye volti 240 itachaji upesi maradufu. Sivyo. Katika kifaa sahili cha umeme, joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti: volti zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne, na kifaa cha volti 100 hupata karibu mara sita. Chaja za zamani zenye transfoma ndogo ndani huanza kuvuma, kisha nyaya zake huungua. Zile nyepesi za kisasa zilizoundiwa volti 120 tu huweza kupasuka kwa kishindo punde swichi inapowashwa.

Fyuzi ya plagi haitamwokoa mtu hapa. Fyuzi ya ampea 13 huachilia zaidi ya wati 3,000 ipite, na chaja ya wati tano au kumi inaweza kuyeyuka na kushika moto fyuzi ikiwa nzima kabisa. Kwa nyumba za mbao, ambazo ni nyingi katika miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene, hilo si jambo la kufanyiwa majaribio.

Jibu limeandikwa kwenye chaja yenyewe, kwa herufi ndogo mno. Tafuta neno INPUT. Ikiwa limefuatwa na 100–240V na 50/60Hz, chaja hiyo itafanya kazi Meru kama ifanyavyo Tokyo au Boston. Unachohitaji ni adapta ya kubadilisha umbo la plagi tu. Ikiwa imeandikwa 120V au 100V pekee, usiichomeke ukutani.

Chaja halisi za PSP na PS Vita za Sony ni za 100–240V. Ndivyo ilivyo pia chaja ya Nintendo Switch iliyotoka mwaka wa 2017. Zilizowatia watu hasara ni chaja za Nintendo za kabla ya hapo. Game Boy Advance SP, DS, DS Lite, DSi na 3DS zilizouzwa Marekani zilikuja na chaja za volti 120 tu, na vifaa hivyo bado vinapita mkono hadi mkono katika masoko ya mitumba.

Aliye na mojawapo ya hizo hana haja ya kukitupa kifaa. Tafuta chaja ya Uingereza ya kifaa hicho hicho: plagi yake ya pini tatu za mraba ni ile ile ya Kenya, na ncha inayoingia kwenye kifaa haitofautiani na ya Marekani. Ukinunua chaja ya kampuni nyingine, tazama neno OUTPUT. Volti zilingane na zinazotakiwa: 5.2 kwa DS Lite, 4.6 kwa DSi na 3DS. Ampea zinaweza kuwa sawa au kuzidi, kwa kuwa kifaa huvuta kiasi kinachokihitaji. Zikipungua, chaja hulemewa na kupata moto.

Umbo la plagi lisimhadae mtu. Adapta ya bei nafuu inayouzwa kandokando ya barabara hubadilisha umbo tu, wala haipunguzi volti hata moja. Kuna pia mtindo wa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, na pini yake ndefu ndiyo inayofungua vizuizi vya matundu ya chini, ambavyo viliwekwa makusudi ili mtoto asiguse umeme. Anayeufundisha ujanja huo mbele ya mtoto amfikirie akiurudia peke yake kwa msumari.

Kinachoshusha volti ni transfoma, na watu wa Embu wanaishi karibu na mfano wake mkubwa. Umeme wa mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma lililoanza kuzalisha mwaka wa 1968 hadi Kiambere la mwaka wa 1988, husafirishwa kwa maelfu mengi ya volti, kisha hushushwa hatua kwa hatua hadi transfoma ya mwisho juu ya nguzo ya kijijini inapotoa 240. Transfoma ndogo ya nyumbani ya kutoka 240 hadi 110 huendeleza kazi hiyo hiyo. Ya wati 50 au 100 inatosha kabisa. Epuka vile vigeuzi vyepesi vya wasafiri vilivyoundiwa vikausha-nywele na pasi, kwani umeme wake uliokatwakatwa huharibu vifaa vya kielektroniki.

Hata chaja iliyo sahihi ina adui: umeme unaokatika na kurudi kwa mshtuko, na radi za misimu ya mvua. Stima zikipotea, chomoa chaja, na usubiri dakika chache baada ya zinaporudi ndipo uichomeke tena.

Katika sehemu za Mbeere na Tharaka ambako watu hutegemea sola, tundu la USB la volti 5 litaichaji Switch, ingawa polepole. Kamwe usiunganishe kifaa cha gemu moja kwa moja na betri ya volti 12, hata kama fundi anakuhakikishia kwamba amewahi kufanya hivyo.

Vifaa hivi hutumia betri za lithiamu, ambazo joto huzichosha. Kifaa kichajiwe mahali pa wazi, si chini ya mto wala juu ya godoro, na mtu akiwa macho. Chaja ikinuka, ikivuma au ikiunguza kidole, zima swichi ya soketi kwanza kisha uichomoe. Betri iliyovimba hadi kuinua kifuniko isichajiwe tena, isitobolewe, wala isitupwe pamoja na takataka zinazochomwa; ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.