Nyaso wa Unyanyembe: Mtemi Mwanamke katika Njia ya Misafara

Mwezi Januari 1893, baada ya mashambulizi kadhaa yaliyoshindwa, askari wa Wajerumani chini ya Tom von Prince waliivunja ngome ya Isiunula, karibu na Tabora. Mtemi Isike alipoona adui amekwisha kuingia, aliiwasha baruti ghalani ili asikamatwe akiwa hai. Kifo hicho husimuliwa hadi leo, na ni haki kisimuliwe. Lakini masimulizi mengi huishia hapo, kana kwamba Unyanyembe ilizikwa pamoja na Isike. Kiti cha utemi hakikubaki kitupu. Mwaka uleule kilikaliwa na mwanamke, Nyaso, na baada yake na mwanamke mwingine, Karunde.

Nyaso alikuwa wa nyumba ya utemi, ila aliwekwa na Wajerumani, na kwa sababu hiyo huitwa kibaraka kwa wepesi. Hukumu hiyo yahitaji kupimwa. Unyanyembe ilikuwa njia panda: hapo misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika, mingine ikielekea Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walipofika Kaze mwaka 1857, Fundikira ndiye aliyekuwa mtemi. Mrithi wake, Mnywasele, alithubutu kuwatoza kodi wafanyabiashara Waarabu. Wakamwondoa kwa bunduki na kumweka Mkasiwa. Basi Nyaso hakuwa wa kwanza kuketishwa na wageni wenye silaha. Mkasiwa aliketishwa vivyo hivyo, naye huhesabiwa miongoni mwa watemi bila maneno mengi.

Lugha nayo imechangia kumfifisha. Neno mtemi, ambalo wengi hulihusisha na kitenzi kutema, yaani kukata, halina jinsia; ngeli ya m-/wa- humpokea mwanamume na mwanamke kwa kiambishi kimoja. Mnyamwezi aliyesema mtemi hakulazimika kuongeza neno. Mwandishi wa Kijerumani, aliyezoea kumwita kila mtemi Sultan, alipaswa kusema Sultanin. Nasi tunapomfasiri kwa neno malkia, lililotoka katika Kiarabu, twamdhulumu kwa namna nyingine, kwani kwa msemaji wa Kiswahili malkia aweza kuwa mke wa mfalme tu. Nyaso hakuitawala Unyanyembe kwa sababu ya mume. Tafsiri iliyo salama ni kuliacha neno lake lilivyo: mtemi.

Mbele zaidi katika njia hiyohiyo, kuelekea Ujiji, nchi ya Buha ilikuwa na neno lake, mwami, nalo pia halibagui. Kwa cheo hicho Theresa Ntare aliitawala Heru, Kasulu, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, na hakuhitaji cheo cha pembeni kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na mamlaka ya watemi na ya bami yakakoma pamoja.